Jabali Jeupe Halijamaliza Kuanguka

Upepo wa kijiji chetu cha Marling hauna adabu. Mwaka mmoja uliniibia kofia ukaivusha bahari mpaka Ufaransa. Ilirudi baadaye ikinuka kitunguu saumu. Watu hawaniamini, lakini kofia ninayo.

Kwa sababu ya upepo huo, sisi wa pwani ya kusini ya Uingereza tuna tabia yetu. Tukishuka ufukweni hatukai karibu na maji. Tunakwenda moja kwa moja hadi chini ya jabali la chaki, ule mwamba mweupe laini. Tunaegemeza mgongo, tunafungua chupa ya chai. Pale upepo haufiki. Babu zetu walikaa pale. Baba zetu walikaa pale. Walioangukiwa hawakurudi kutushauri.

Jirani yangu Clive Akehurst alikaa pale kila Jumapili na mkewe, Beryl. Kabla ya kustaafu, Clive alikuwa akipeleka maziwa nyumba kwa nyumba alfajiri, na mimi nilikuwa dereva wa basi. Palikuwa na pango dogo kwenye mguu wa jabali, kama kiti kilichochongwa. Hapo palikuwa mahali pao. Beryl alishona mto wa bluu wa kukalia, maana mawe ya ufukwe wetu hayana huruma na makalio. Walikula mkate wenye jibini na achari. Wakimaliza, Beryl alizunguka akitafuta taji la mchungaji.

Taji la mchungaji ni jiwe la mviringo, dogo kama andazi. Juu lina mistari mitano kama nyota. Zamani sana lilikuwa mnyama wa baharini. Alizikwa ndani ya chaki, akageuka jiwe. Kwetu jiwe hilo huwekwa dirishani, ili radi isipige nyumba na maziwa yasichachuke. Clive alilicheka jambo la maziwa, lakini hakuondoa jiwe hata moja. Beryl alipata moja kila mwaka wa ndoa yao. Yalijipanga dirishani kama mikate dukani.

Beryl alikufa kwa saratani mwanzo wa majira ya baridi. Jiwe la mwaka huo hakulipata. Dirishani ikabaki nafasi moja wazi, mwisho wa mstari.

Clive hakulia mbele za watu. Aliacha mambo tu. Aliacha kunyoa ndevu. Aliacha kupika. Aliacha redio ikiongea peke yake jikoni. Nilimwendea na hadithi zangu. Nilimwambia shakwe ameniibia meno ya bandia, sasa anaruka kijijini akitabasamu. Zamani angecheka mpaka akohoe.

"Sawa, Len," alisema.

Nikarudi nyumbani.

Ikaja wiki ya mvua. Baada ya mvua ikaja baridi kali ya kugandisha maji kwenye ndoo. Siku ya Ijumaa tukasikia mshindo kama lori linamwaga kokoto. Kipande cha jabali kilikuwa kimeanguka ufukweni, karibu na ngazi.

Jumapili yake binti ya Clive, Rowena, alikuja na chakula. Rowena ni mpishi wa shule. Alimkuta baba yake anavaa viatu. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Baba, chakula ni cha moto. Unakwenda wapi?"

"Ufukweni."

"Jabali limeanguka juzi. Mjomba Len hajakwambia?"

"Kaniambia. Ndiyo maana naenda. Likianguka, mataji hutoka ndani. Mama yako alisema hivyo siku zote."

"Na likianguka tena?"

"Limeshaanguka, Rowena. Limetua mzigo wake. Sasa litapumzika."

"Na kama halijatua wote?"

Clive alifunga kamba ya kiatu polepole. "Basi litaniondolea kazi ya kungojea."

Rowena akanigeukia. "Mjomba Len, sema kitu. Siku nyingine hata mtu hapati nafasi ya kupiga chafya mbele yako."

Nilivaa kofia yangu tu.

Clive alichukua chupa ya chai na mto wa bluu, akaondoka. Sisi tukamfuata. Njiani Rowena alipiga simu. Alimpigia Gillian Funnell.

Gillian hutuletea barua siku za kazi. Tena ni mmoja wa walinzi wa pwani wa kujitolea. Mtu akikwama majabalini au akizidiwa na maji, wao ndio huitwa.

Juu ya ngazi ya kushukia kuna kibao cha onyo. Sisi wenyeji tulikuwa tukikitumia kufungia mbwa. Clive alikipita bila kukitazama. Ufukwe siku ile ulikuwa mzuri wa kuumiza. Anga bluu, bahari imetulia, jabali jeupe kama shuka lililoanikwa. Maji yalikuwa yanapwa. Clive alilipita lile rundo la chaki iliyoanguka. Pango lao lilikuwa bado lipo, kando tu ya rundo. Akatandika mto, akakaa, akaanza kuchokoa chaki kwa fimbo.

Rowena alisimama mbali. Hakuthubutu kuingia, wala hakuweza kuondoka.

Gillian alifika na kofia yake ngumu kichwani. Alisimama karibu nasi, mbali na jabali.

"Clive," akaita. "Njoo huku tuzungumze. Mimi huko siingii."

"Utotoni ulikuwa ukiingia na mama yako, na ndoo yako nyekundu."

"Tulikuwa hatujui. Sasa najua. Njoo."

"Sema hapo hapo. Masikio bado yapo."

Gillian akavuta pumzi. "Haya. Chaki inakunywa maji kama mkate ulioingia kwenye chai. Mvua yote ya wiki hii imo humo ndani. Baridi ikija, maji yale yanaganda, yanavimba, yanapasua. Huku chini mawimbi yanakula mguu wake. Na kile kipande kilichoanguka Ijumaa ndicho kilichokuwa kinashikilia hicho kilicho juu ya kichwa chako. Kuanguka hakujalipumzisha. Kumeliondolea mkongojo."

"Lakini litazame," Clive akasema. "Jeupe. Safi. Halina hata ufa."

"Ni jeupe kwa sababu linaanguka. Jabali lililotulia huota majani, huwa na rangi ya kijani. Weupe huo ni kidonda kibichi, Clive. Na ufa huwezi kuuona. Uko nyuma."

Clive akachokoa tena. "Wewe ungekaa wapi?"

"Mbali kama urefu wa jabali lenyewe, na zaidi kidogo. Fikiria limelala chini. Likikufikia, hujafika mbali. Na huko juu vilevile, usisogelee ukingo. Unaona nyasi, kumbe chini yake ni hewa tupu."

"Huko mbali kuna upepo."

"Upo. Upepo haujamvunja mtu mgongo."

Clive aliweka fimbo chini. Kisha akasema, si kwa hasira, "Niache, Gillian. Mimi sina wa kumwachia pengo."

Rowena alisikia. Alikaa chini juu ya mawe.

"Ukifukiwa nitakuja kukuchimba," Gillian akasema. "Mimi na wenzangu. Chini ya ukuta huo huo."

"Msinichimbe."

"Tutachimba. Unajua tutachimba."

Hapo ndipo walipotokea wageni. Walikuja kutoka upande wa pili wa rundo, wakiambaa na mguu wa jabali. Mwanamume kijana, mkewe, na mtoto mdogo amebebwa mgongoni. Gillian aliwapungia mikono na kuwapigia kelele. Upepo ukazidi, ukayachukua maneno. Huenda ukayapeleka Ufaransa.

Wakatandika blanketi kando ya Clive.

Waliyosema pale Clive alinieleza baadaye, na Clive hajui kuongeza chumvi.

"Habari, mzee," yule baba kijana alisema. "Tuliona kibao tukasita. Halafu mke wangu akasema, tazama, mzee wa hapa amekaa na chai yake. Wenyeji wanajua."

Mke akacheka. "Nikamwambia, tukae na mzee. Popote alipo ni salama."

Mtoto alikuwa anatafuna kamba ya kofia yake. Alimtazama Clive, akampa ile kamba iliyolowa mate.

Vipande vidogo vya chaki vikaanguka kutoka juu. Vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Kimoja kikatua ndani ya kikombe cha Clive.

Sisi tulimwona anasimama.

"Ondokeni," aliwaambia. "Nendeni kwenye maji."

"Lakini wewe umekaa hapa."

"Mimi ni mjinga. Tangulieni na mtoto. Blanketi acheni. Kikapu acheni."

"Kikapu kina—"

"Kiache."

Clive si mtu wa kupaza sauti. Maisha yake yote alifanya kazi wakati watu wamelala. Lakini sauti ile ilitufikia hata sisi. Wakaondoka mbio, naye akiwafuata nyuma amenyoosha mikono, kama mtu anayeswaga kondoo.

Walitufikia karibu na maji. Mtoto akaanza kulia. Clive alijipapasa mifuko, akatazama mikono yake.

"Mto," akasema.

Akageuka kurudi. Rowena alikuwa ameshainuka. Akamshika mkono wa koti.

"Baba."

"Ameushona yeye, Rowena."

"Najua nani kaushona."

Gillian akasimama mbele yao. "Ukishatoka, hurudi. Kwa kitu chochote. Hata kiwe cha thamani gani."

Clive alivuta mkono. Rowena hakuachia. Walisimama hivyo, baba na binti, wamevutana kama watoto wanaogombea koti moja.

Jabali likashuka.

Halikutanguliza ngurumo. Kwanza lilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kazi. Kisha ukuta mzima ukateremka kwa pamoja. Mshindo ukaja kupitia kwenye mawe, tukausikia miguuni. Vumbi jeupe likatufunika. Nimesema uongo mwingi kuhusu ufukwe ule. Kwa siku hiyo sina la kuongeza.

Vumbi lilipotua, pango halikuwapo. Palipokuwa na pango palikuwa na kilima cha chaki kirefu kuliko nyumba. Mto, blanketi, kikapu, chupa ya chai, vyote chini. Yule mama kijana alimshusha mtoto mgongoni mwa mumewe, akamkumbatia kwa nguvu mno.

"Mlipita na mtu mwingine kule?" Gillian aliwauliza. Simu ilikuwa tayari sikioni.

"Hatukuona mtu."

"Napiga hata hivyo. 999 ya dharura, halafu unaomba walinzi wa pwani. Hata kama huna hakika kuna mtu, unapiga. Wala huendi kuchimba mwenyewe. Linaweza kushuka tena."

Clive alikuwa anatazama jabali. Sura mpya ya jabali ilikuwa nyeupe kuliko mwanzo. Mbali kule kwenye ngazi, watu walikuwa wameinua simu zao wanapiga picha.

"Hata pale pa mama yako sasa hapapo," akasema.

"Wewe upo," Rowena akamjibu.

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyepewa kazi asiyoiomba.

Siku hizi Clive hushuka na kiti cha kukunja. Kwanza husoma saa za maji kujaa na kupwa pale kwenye ngazi, asije akabanwa kati ya maji na jabali. Mbwa hawafungwi tena kwenye kibao. Clive ndiye aliyekisafisha. Hushuka maji yakipwa, huweka kiti mbali, karibu na maji, na hukaa akilitazama jabali. Wageni humwona, hutandika blanketi zao karibu naye. Wale wanaoelekea kwenye mguu wa jabali huwafuata. Wala hawabembelezi.

Mimi huwaambia kwamba jabali lile lilimeza basi langu zima, na abiria bado wako ndani wanasubiri kituo chao.

"Msimsikilize Len," Clive huwaambia. "Lakini kule msiende."

Bado hacheki. Lakini amerudi kunikatiza, na hilo si haba.

Yule mtoto wazazi wake walimleta tena wakati wa kiangazi. Sasa anatembea. Alikwenda akakaa kwenye mawe kando ya kiti cha Clive, wote wawili wakapigwa na upepo usoni. Baba yake alisema hapo pana baridi.

"Pana baridi sana," Clive akasema. "Lakini juu ya kichwa chake kuna shakwe tu."

Gillian alimfundisha kwamba bahari yenyewe huisafisha chaki iliyoanguka na kuyasukuma mawe hadi ukingoni mwa maji. Mtu anayetaka taji la mchungaji alitafute huko, maji yakipwa. Clive hutafuta kila Jumapili, ameinama, mkono mmoja kiunoni. Hajapata. Rowena akija hufuta vumbi dirishani, jiwe baada ya jiwe. Akifika kwenye nafasi iliyo wazi, huifuta nayo, na huiacha wazi.

Kisha Clive hurudi kwenye kiti chake na kumimina chai. Pale hakuna cha kukinga upepo. Chai hupoa kabla haijafika mdomoni.

Anainywa.