Vyandarua vya Harusi ya Nyele

Nyele alikuwa anatwanga uwele kwa hasira. Mchi ulipanda, ukashuka, kinu kikalia mpaka kuku wakakimbia.

"We Nyele, hicho kinu kimekukosea nini?" aliuliza bibi yake, Musokoro.

"Kinu hakijanikosea, bibi. Mbu ndio walionikosea. Sikulala. Mdogo wangu Nci naye kajikuna mpaka kumekucha. Na vyandarua vitatu vimo humu humu ndani!"

Mama yake, Wasa, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Haya, kaanza tena! Vile ni vyombo vyako, mwanangu. Mavuno yakiisha unaolewa. Unataka wakwe zako waje kuona vyandarua vyenye moshi na vumbi?"

"Mama, watu wa afya walitugawia ili tulale ndani yake. Walisema mbele ya kijiji kizima."

"Walisema wao. Kwani wao ndio wanaooza binti?"

Nyele alirudi kwenye kinu. Alijua mama yake hakuwa mama mbaya. Katika vijiji vyao vya Wabambara, huko karibu na mji wa Segu, bibi harusi haendi kwa mume mikono mitupu. Siku ya harusi vyombo vyake vyote hutandazwa uani: masufuria, mabakuli, vitenge, mikeka. Wanawake wa upande wa mume huja kukagua. Mwanamke wa ukoo wa wasifu, wale wanaorithi kazi ya kusifu watu, huvitaja kimoja kimoja kwa sauti. Mama aliyepungukiwa husemwa mpaka meno yamtoke. Kwa hiyo Wasa aliviweka vyandarua sandukuni, ndani ya mifuko yake, vipya kabisa. Ufunguo aliufunga kiunoni.

Lakini mvua ilikuwa imekolea. Nyuma ya nyumba lilikuwepo shimo alilochimba baba, Molobali, alipofyatua matofali. Sasa lilijaa maji, na vyura wakaimba humo. Ndani ya nyumba joto lilikuwa halivumiliki, hivyo familia nzima ililala uani kwenye mikeka. Mbu walikula wakashiba.

Kesho yake Nci hakuamka kucheza. Alikuwa na miaka minne, mtoto mtundu asiyetulia. Siku hiyo alijikunyata kwenye mkeka, mwili unachemka.

"Mume wangu kanyeshewa," alisema bibi, akimpapasa mjukuu wake kichwani. "Mchemshieni majani aoge. Atapoa."

"Tumpeleke kwa Korotumu ampime damu," alisema Nyele.

"Homa ya mvua hii, mwanangu," alisema Wasa. "Kila mtoto anaipata."

Wakachemsha majani. Nci akaogeshwa, akatapika, akalala. Nyele akarudi kwenye kinu, moyoni anafuka moshi.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Nci alikakamaa. Macho yakageuka, mikono na miguu ikatupwa huku na huku. Wasa akapiga yowe.

"Ndege!" alilia bibi. "Ndege wa usiku kampitia juu mume wangu! Mtu asimchome sindano! Mwenye ugonjwa wa ndege akichomwa sindano anakufa! Mwiteni mganga!"

Nyele alitupa mchi. Alimbeba Nci mikononi. Bibi akasimama mlangoni mwa ua, mikono ameitanua, machozi yanamtiririka.

"Bibi, nipishe."

"Hujui kitu, mtoto wewe!"

"Sijui! Ndiyo maana naenda kwa anayejua!"

Akampita. Akakimbia, huku mama yake akimfuata kichwa wazi, analia.

Korotumu Keita alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Ukoo wa Keita na ukoo wa Kulibali ni watani, na akina Nyele ni Wakulibali. Watani hutukanana, hata kuitana wala kunde, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Ehe, wala kunde haoo!" Korotumu alianza kucheka. "Leo mmevimbiwa na..."

Akamwona mtoto. Kicheko kikakatika.

Alimlaza Nci ubavu. "Msimtie kitu chochote mdomoni," alisema. Mshtuko ulipotulia alimtoboa kidole, akapima tone la damu. Kipimo kikaonyesha malaria.

"Ni malaria kali, imefika kichwani. Hii ndiyo degedege. Homa imeanza lini?"

"Jana," alisema Wasa kwa sauti ndogo.

"Jana! Nyumba yangu iko wapi? Ng'ambo ya mto? Jana ningempima, ningempa vidonge, angemeza. Leo hawezi kumeza!"

Alimwekea dawa ya kwanza kupitia njia ya haja kubwa. "Hii haimalizi ugonjwa," alisema. "Inatununulia muda tu. Mwiteni Molobali na pikipiki. Sasa hivi, kituo cha afya!"

Bibi alikuwa amefika, anahema. "Watamchoma sindano. Atakufa."

"Bibi, sindano haiui. Kinachoua ni kuchelewa," alisema Korotumu. "Mnawazungusha watoto kwa waganga mpaka wamekwisha. Mkifika kituoni mtoto anakata roho, halafu mnasema sindano imemuua. Wangapi tumezika hivyo? Wangapi?"

Bibi akasogea kando. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe.

Kituoni Nci alichomwa sindano, akatundikiwa dripu. Nyele alikaa kando ya kitanda. Kila alipomtazama mama yake alimwona na ule ufunguo kiunoni, akageuza uso. Alimwogopea ndugu yake, lakini zaidi alikuwa na hasira. Hasira ya kuona mtoto anakufa kwa ajili ya masifa.

Hatimaye Nci akafumbua macho. "Nataka ugali," alisema.

Wasa aliangua kilio. Nyele naye akalia, lakini hasira haikuisha.

Waliporudi nyumbani, Korotumu alikuja kuwajulia hali. Wasa akamkabidhi jogoo kwa shukrani.

"Rudisha jogoo bandani," alisema Korotumu. "Nionyeshe vyandarua."

Wasa akaushika ufunguo kiunoni.

"Vimo sandukuni," alisema Nyele. "Vinasubiri harusi yangu."

Korotumu akamgeukia mama mtu. Kisha akasema, "Wasa, miaka yote nakutukana kwa utani, nawe unacheka. Leo sitanii. Unamficha mbu chakula chake au unamficha mwanao kinga yake? Malaria haitoki kwenye mvua wala kwa ndege. Anaileta mbu jike anayeuma usiku. Ile dawa iliyo kwenye chandarua inamuua. Kikiwa sandukuni kinamuua nani? Panya?"

"Utasema wewe!" Wasa alifoka. "Wewe binti zako wote wameshaolewa! Mimi ndiye nitakayechekwa!"

"Mama," alisema Nyele. "Nipe ufunguo. La sivyo, harusi hakuna. Naapa! Siendi kwa mume na vyombo vilivyotaka kumla ndugu yangu."

"Nyele! Unamwambia nani hivyo?"

"Nakuambia wewe, mama. Na nakupenda. Nipe ufunguo."

Wasa akaufungua ufunguo kiunoni kwa hasira, akautupa mchangani. Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kitenge.

Kabla ya jioni mifuko ilikuwa imechanwa. Korotumu aliwaelekeza. Vyandarua vipya vikaanikwa kivulini kwanza, siku nzima. Kwa kuwa walilala nje, Molobali akasimika miti minne kuzunguka kila mkeka, vikafungwa hapo.

"Chomekeeni ncha chini ya mkeka," alisema Korotumu. "Mbu asipate pa kupenya. Watoto waingie mapema, giza likiingia tu. Kikichafuka kifueni kwa sabuni ya kawaida, kikaukie kivulini, maana jua linaharibu dawa. Kikitoboka, shoneni. Na mtoto akipata homa, mleteni kwangu siku hiyo hiyo. Na lile shimo, Molobali?"

"Lile ni la matofali."

"Ni la mbu. Umewajengea nyumba kabla ya kujijengea yako."

Molobali akakuna kichwa, akachukua jembe. Majirani wakamsaidia kulifukia, nao wakaenda kufukia ya kwao.

Mvua iliendelea kunyesha mpaka msimu ukaisha. Nci hakupata homa tena. Alilala na bibi yake chini ya chandarua kimoja, na kila jioni bibi ndiye alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Mume wangu, ingia ndani, mbu wanakuja!"

Siku ya harusi ikafika. Vyombo vikatandazwa uani. Mwanamke wa ukoo wa wasifu akavitaja kwa sauti, watu wakashangilia. Shangazi wa bwana harusi akazunguka, akaangalia, akakunja pua.

"Na vyandarua?" aliuliza kwa nguvu, ili wote wasikie. "Tulisikia vipo vitatu. Au mmeviuza?"

Wanawake wakacheka. Nyele alifunua shela yake kidogo. Alimtazama mama yake.

Wasa alisimama. Uso wake ulikuwa umewaka.

"Havijauzwa, vinafanya kazi! Vimefungwa pale nyuma, nenda ukavione. Vina moshi, vina vumbi, na kimoja nimekishona kiraka. Mwanangu alitaka kufa navyo viko sandukuni, vipya, vinasubiri macho yako wewe! Sasa na mimi nikuulize, shangazi. Wajukuu zako usiku wanalala chini ya nini?"

Nyuma ya shangazi mmoja wa wakaza wana wake akasema kwa sauti ndogo, "Vyetu vimo kabatini."

"Nilijua," alisema Wasa. Akamshika Nyele mkono, akamsogeza mbele ya wakweze. "Basi mchukueni huyu. Leo leo atahakikisha mmevitoa kabatini. Kazi mnayo!"