Kaptula Iliyozikwa Shambani

Lekisoni Mpaso wa wilaya ya Ntcheu alikuwa mtu mwenye heshima zake. Heshima hiyo aliipata kwa panya wa shambani. Kila mwaka, mavuno yakiisha, alichoma mabua. Panya walitoka mbio, naye akawapiga kwa fimbo wawe kitoweo. Siku moja aliua arobaini na watatu. Wanaosahau siku hiyo, yeye huwakumbusha.

Ghala lake halikuwa na heshima yoyote. Mahindi yaliisha Desemba. Januari na Februari, mkewe Fainesi na watoto walikunywa uji wa pumba.

"Mbegu za siku hizi ni mbaya," Lekisoni alilalamika.

Jirani yake, Bibi Nasibeko, alipanda mbegu zilezile. Mahindi yake yalifika hadi mavuno mapya.

Januari moja, bibi shamba aitwaye Zione alifika kwao. Aliokota konzi ya udongo, akaunusa. Kisha akauliza, "Kaka, una kaptula kuukuu ya pamba?"

"Avae nani?"

"Ya kuzika."

Fainesi aliangusha sufuria. "Dada Zione! Kuzika nguo ya mume wangu? Mama mkwe akisikia, mchawi ni mimi!"

"Ndiyo maana tunazika mchana, watu wakiona."

Zione akaikata kaptula katikati. Mguu wa kulia akauzika shambani kwa Lekisoni, kina cha kiganja. Mguu wa kushoto akauzika kwa Bibi Nasibeko. Wazee wawili walivua kofia, maana mazishi ni mazishi.

Baada ya miezi miwili, watu walijaa kushuhudia ufukuaji. Kwa Lekisoni, mguu ulitoka mchafu lakini mzima.

"Mnaona kitambaa?" alijisifu. "Mimi sinunui vitu hafifu."

Wakaenda kwa Bibi Nasibeko. Zione akafukua polepole. Akainua kipande cha lastiki na nyuzi tatu. Hakukuwa na kingine, ila nyungunyungu wakijikunja juani.

Lekisoni alibaki mdomo wazi. "Bibi, mguu wangu uko wapi?"

"Umeliwa, mwanangu."

"Umeliwa na nani?"

"Na udongo," Zione akajibu. "Udongo mzuri una uhai. Umejaa viumbe wadogo, wengine hata huwaoni kwa macho. Wanakula majani, mabua, hata pamba. Wanachokula kinageuka kuwa chakula cha mahindi. Nyungunyungu nao wanatoboa njia, maji yanaingia. Kwa Bibi wanashiba. Kwako wamekufa njaa."

"Nani kawanyima chakula?" Lekisoni akafoka.

Sauti ikatoka nyuma ya umati: "Arobaini na watatu!"

Watu wakaangua kicheko. Lekisoni hakucheka. Alihesabu kwa vidole. Miaka kumi na miwili alikuwa akichoma chakula cha shamba lake, ili apate kitoweo cha jioni moja.

"Sasa panya nitawapataje?" aliuliza kwa unyonge.

"Wachimbe kwa jembe, halafu fukia mashimo. Mabua usichome. Yalaze kati ya matuta, yaoze, yaukinge udongo dhidi ya jua na mvua kali. Tia samadi ya mbuzi wako. Panda mbaazi pamoja na mahindi. Na uvumilie. Haitakuwa mwaka mmoja."

Haikuwa mwaka mmoja kweli. Mwaka wa kwanza pumba zilirudi mezani, na majirani waliuliza kama shamba limekuwa jalala. Lekisoni alimeza dhihaka, hakuwasha kiberiti. Kila Desemba Fainesi alichagua kaptula moja ya mumewe akaizika. Mwaka wa pili ilitoka na matundu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Februari, Fainesi alisonga nsima, ugali wa unga mweupe. Ghala lilikuwa bado na mahindi. Watoto waliitazama sahani, wakamtazama mama yao, wakaogopa kuigusa.

"Kuleni, ni yenu," akasema.

Lekisoni alikuwa chumbani akipekua nguo. "Mke wangu, kaptula yangu ya bluu iko wapi?"

Fainesi alimwonyesha kipande cha lastiki alichofukua asubuhi ile.

"Shamba limeila, baba watoto. Njoo nawe ule."