Chupa Mbili za Wodi ya Wazazi

Dirisha la maabara lilikuwa limejaa watu asubuhi hiyo. Muuguzi wa wodi ya wazazi, sare yake nyeupe imekunjamana kwa zamu ndefu, alipenyeza chupa ya damu. Mpimaji akaitazama, akamrudishia.

"Haina namba ya mgonjwa, dada."

"Jina si lipo?"

"Wenye jina hilo leo wako wawili."

Muuguzi alimkazia macho, kisha uchovu ukamshinda, akacheka. "Haya, Bwana Namba."

Jina likamganda, na mapenzi yakafuata. Kwa miezi minne Bwana Namba alimpigia simu kila mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekunywa chai, tena imepoa."

"Hicho si chakula."

"Basi njoo unipikie, kama una nguvu."

Hakuwa nazo. Jioni walikaa kwenye kituo cha basi, wakasinzia bega kwa bega.

Siku moja zikaja chupa mbili, za wazazi wawili waliohitaji kuongezewa damu. Bwana Namba alipopima, kundi la damu la kila mmoja halikulingana na lililoandikwa kliniki. Akarudia. Vilevile. Saini kwenye lebo ilikuwa ya mpenzi wake. Akazuia damu isitolewe, akaagiza sampuli mpya, akaandika ripoti.

Ikabainika lebo zilibadilishana. Wagonjwa walisalimika, lakini matroni alimsema muuguzi mbele ya wenzake. Siku tisa Bwana Namba alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa.

Siku ya kumi alimkuta kwenye ngazi za nyuma ya wodi, viatu amevua, miguu imevimba.

"Ungeniambia kwanza," alisema bila kuinua macho.

"Ungeniomba nisiandike."

"Nawe ungekataa."

"Hapana. Ningekubali. Ndiyo maana sikukupigia."

Muuguzi alijisugua miguu. "Niliwatoa damu wote wawili, nikaenda kuandika lebo mezani. Sikuwa nimekaa tangu alfajiri. Mmoja wao angenifia mikononi, akaacha kichanga cha siku moja."

"Najua."

"Sasa naandika palepale kitandani. Namtajisha mgonjwa jina lake hata mara tano. Wananiona nimerukwa na akili."

Bwana Namba akaketi kando yake. "Nataka kukuoa."

"Niulize nikiamka," alisema, akimlalia begani. "Ila usiondoke."

Mkono wa Bwana Namba ulikufa ganzi, hakuusogeza. Muuguzi alipofumbua macho, Bwana Namba akamuuliza tena.

"Ndiyo," alijibu, akiinama kuvaa viatu. Zamu ilikuwa inaanza.