Uso Uliobaki Kwenye Feleji

Nta ilitoka na ndevu.

Veit Ammerling aliisogeza dirishani akaitazama tena. Alikuwa akichonga uso wa binti yake mchanga, Kreszenz, kwenye muhuri wa feleji, chuma kigumu, ili apige medali za ubatizo awagawie ndugu, kama wafanyavyo mafundi wa Augsburg. Kwenye muhuri kila kitu huchongwa kwa ndani na kinyume, kulia kukawa kushoto, kwa hiyo fundi hugandamiza nta humo aone sura itakavyosimama. Sasa, chini ya kidevu cha mtoto, zilionekana ndevu fupi. Veit alisingizia vumbi, akasugua, akaendelea na kazi. Mbishi alikuwa, mtu yule.

Tena alikuwa bahili. Feleji ile ilishabeba uso wa Bwana Rabenegg, kabaila mwenye ndevu aliyewafukuza watu majumbani mwao wakati wa theluji huku akivuta tumbaku na kuwacheka kutoka dirishani. Alipokufa, medali zake hazikuwa na wa kuzitaka. Muhuri uliokwisha kazi hupigwa tindo, patasi ya kukatia chuma, katikati ya uso kwanza, ndipo uguswe kwa tupa. Kila fundi anajua hilo. Veit aliona tindo litaiharibu feleji nzuri. Akaupasha moto, akausugua kwa tupa mpaka ukawa laini kabisa, akamchonga mwanawe juu yake.

Nyumba ikaanza kunuka tumbaku na nywele zilizoungua, na humo ndani hapakuwa na mvutaji. Karakana ikifungwa, kitu kilisikika kikikwaruza chuma. Kreszenz akakataa ziwa. Mkewe Veit, Walburga, alimbembeleza, akamkanda kwa maji ya moto, akamwombea, na mchana mmoja, mwanga wa theluji ukiwa umejaa chumbani, aliinama juu ya kitanda akaona mashavu ya mtoto yamebonyea, paji la uso limejikunja, na kile kinywa kisicho na jino hata moja kimepinda upande mmoja kwa dharau ambayo mtoto mchanga hana mahali pa kuipata, huku macho yakimfuata kila aendako.

"Baba Kreszenz," alinong'ona, "mtoto ananicheka."

Akaitwa Jobst, kaka yake Walburga, aliyekuwa mpigaji wa medali, hata zile za Rabenegg. Aliushika muhuri, akaunusa, akauweka chini upesi.

"Shemeji, huyu Rabenegg ulimpiga tindo?"

"Nilimsugua kwa tupa."

"Basi hukumuua. Ulimnawisha uso tu, na sasa umempa mwingine wa kuvaa." Akamsukumia tindo. "Mpige. Aliyemchonga ndiye wa kumpiga."

Veit alilirudisha tindo mezani. Uso uliokuwa mle ndani sasa ulikuwa wa mwanawe, na mapenzi yake yote kwa mtoto yule aliyaweka kwenye mashavu yale. Alisema hawezi. Jobst akamwambia kwamba mtoto asiyenyonya hana muda wa kumsubiri baba mwoga. Ndipo sauti nzito, yenye kikohozi cha mvuta tumbaku, ikatoka kwenye feleji.

"Nikate, fundi. Tuone nani atalia."

Veit akafumba macho, akasimamisha tindo juu ya uso ule, na nyundo iliposhuka ukapasuka ukelele karakanani na mwingine chumbani, zikajibizana, zikapanda mpaka vioo vikatetemeka, kisha mmoja ukakatika ghafla na mwingine ukashuka polepole ukawa kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa.

Harufu ikaondoka. Walipokimbilia chumbani walimkuta Kreszenz amenawiri, shavu halina hata mkwaruzo, akilivuta ziwa kwa pupa. Veit alilia bila haya. Jobst aliketi chini akaomba bia, akamtania shemeji yake kuwa feleji mpya ingemgharimu machozi machache zaidi.

Mtoto aliposhiba, Walburga alimlaza, akaweka sikio kifuani pake upande wa kushoto asikilize moyo. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akalihamishia kulia.

"Veit," alisema kwa sauti ndogo, "moyo uko huku."

Jobst akaacha kucheka. Na Veit, aliyechonga kinyume maisha yake yote, akaelewa ni nani aliyetoka, na kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa ndani ya feleji tindo lilipotua.