Vumbi Chumbani kwa Mama Kerubo

Kerubo alimwita mzee, na kosa halikuwa lake. Jumamosi ile duka la Waafrika pale Brooklyn Center, Minnesota, lilikuwa limefurika. Watu walibanana kati ya mifuko ya unga na majokofu ya samaki, watoto wakilia kwa Kiingereza na mama zao wakiwakaripia kwa lugha zao. Mbele yake kwenye foleni alisimama mtu mwenye kichwa cheupe pe, mabega yameinama kwa uchovu, ameshika fungu la mwisho la managu.

"Mzee wangu," Kerubo akasema kwa adabu, "si uniachie hiyo mboga? Mama yangu ni mgonjwa, na hiyo ndiyo kitu pekee anakula."

Mzee akageuka. Uso ulikuwa wa kijana, macho yanacheka, kope zimejaa vumbi.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu.

"Woi! Aki pole! Lakini hizo nywele..."

"Ni vumbi la nyumba za watu. Nasafisha mifereji ya hewa. Leo nimefungua matundu ambayo hayajafunguliwa tangu babu yangu hajaoa."

"Na ndio unakuja shopping hivyo?"

"Ningeoga kwanza, ungenipita bila salamu."

Akampa managu. Mwanamume anayeachia mboga ya mwisho si wa kupuuzwa, na Kerubo hakumpuuza. Alikuwa ametoka kazini, amevaa sare yake ya uuguzi ya rangi ya samawati na skafu ya rangi ya machungwa shingoni, na yule kijana, Tumsifu, alipofika nyumbani aliikumbuka ile skafu kuliko mboga aliyoikosa. Alikuwa Mpare wa Same, alikuja kusoma, akasoma, kisha akanunua gari na mashine zake za kufyonza vumbi.

Simu zikaanza. Ziliingia asubuhi Kerubo akipiga mswaki, zikaingia mchana Tumsifu akiwa chini ya nyumba ya mtu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi."

"Wacha jokes, Tumsi. Nimekuwekea chapati."

"Basi leo nitaoga mara mbili, laazizi."

Majani ya miti yalipogeuka rangi, baridi ikikaribia, walikuwa wameshapendana kiasi cha kugombania nani akate simu kwanza. Kitu kimoja tu Kerubo alikificha: hakumwambia mama yake. Mama Kerubo alikuwa mjane, mwanamke mrefu wa Kisii aliyefanya kazi miaka mingi katika ghala kubwa la Shakopee mpaka mapafu yakamshinda. Kerubo aliogopa kumpelekea habari ya mwanamume kabla hajawa na hakika. Sasa alikuwa nayo, lakini kila siku alisema kesho.

"Heater ikiwaka tu, Mama anakohoa," akamwambia Tumsifu. "Hiyo nyumba ni ya zamani sana."

"Nitakuja kuisafisha."

"Njoo. Lakini mbele ya Mama wewe ni fundi tu, sawa, babe?"

Tumsifu akacheka. Alikuwa ameshamwarifu baba yake mdogo, anayeishi Saint Paul, ajiandae kwenda kuposa. Alikuwa ameshamwambia pia Nahashon, mwenzake wa kazi, ambaye ni Mkisii. Nahashon alizima redio ya gari ili asikike vizuri.

"Unaoa kwetu? Basi ujue chinsoni, heshima ya wakwe. Kwa mama mkwe wako utakula, utakunywa, lakini chumba chake cha kulala huingii. Kitanda chake hukioni maisha yako yote. Ukikiona, wewe si mkwe tena."

"Hata huku Minnesota?"

"Kwani vitanda vya huku havilaliwi?"

Tumsifu aliliweka neno lile moyoni. Alitaka kuoa kwa adabu, na mtu anayetaka kitu kwa adabu hujifunza haraka.

Nyumba ilikuwa kaskazini ya Minneapolis, ya mbao, imejengwa zama za majiko ya makaa. Tanuru la kupuliza hewa ya moto lilikuja baadaye sana, na waliolileta walipitisha mifereji ya bati popote palipopatikana upenyo: ndani ya kabati, nyuma ya ukuta, chini ya ngazi. Kila chumba kilipata tundu lake, isipokuwa kile kidogo cha juu chini ya paa. Tumsifu akaziba matundu, akaunga bomba la mashine, akaingiza brashi ndefu inayozunguka. Vumbi likatoka kwa mafungu, na kucha za panya, na karata za watu waliokwisha kufa.

Mwisho akafika chumbani kwa Mama Kerubo. Mlango ulikuwa wazi. Aliona pindo la kitambaa cheupe cha kitandani, kilichofumwa kwa mkono, akageuza uso kabla hajakiona kitanda chenyewe.

"Hapo ndipo pana vumbi lote," Mama Kerubo akamwambia. Alikuwa ameketi ukumbini, amejifunga shali. "Mbona umesimama?"

"Mama, hapa kwako sitaingia. Nitamtuma mwenzangu."

Mama Kerubo akamtazama, akaona alivyoinamisha macho. Kerubo alikuwa kazini, hakuna aliyemsaidia kuelewa, na wala hakuhitaji msaada.

"Unaitwa nani?"

"Tumsifu, mama."

"Basi kaa unywe chai, Tumsifu."

Alikunywa chai akiangalia kikombe. Hakuna siku aliyoondoka mahali na furaha kama ile. Lakini furaha ina usahaulifu wake. Nahashon akapata msiba, akaenda Kisii. Theluji ikaanguka, simu za wateja zikafuatana, na chumba kile kikabaki. Tena kikabaki vibaya, maana vumbi lililotikiswa kwingine lilikwenda kutua katika mfereji wake. Hilo Tumsifu angeweza kulikumbuka. Hakulikumbuka, na mimi msimulizi sitamtetea.

Mama Kerubo akakohoa siku tatu mfululizo, midomo ikabadilika rangi, akalazwa. Kerubo alirudi nyumbani kumchukulia nguo. Akaona ukuta juu ya tundu la chumba cha mama yake umekuwa mweusi. Akafungua wavu, akaingiza mkono. Ulitoka na vumbi kama sufi.

"Uliosha nyumba nzima," akamfokea kwenye simu, "ukaacha chumba cha mgonjwa?"

"Kerubo, nisikilize..."

"Nilikuambia ni mapafu! Ama kwa sababu ilikuwa bure?"

"Laazizi, niliacha makusudi, kwa sababu..."

"Makusudi?" Simu ikakatwa.

Kwa siku kadhaa hakupokea. Kisha akapiga mwenyewe, sauti imekauka.

"Mama anatolewa leo jioni. Anakuja na mashine ya oxygen. Njoo umalize kazi yako."

Tumsifu akaja. Theluji ilimfika magotini kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Kerubo alikuwa ndani ya sweta kubwa jeusi, nywele amezifunga ovyo, na hata hivyo moyo wa mwanamume ulimruka. Walisimama mbele ya mlango wa Mama Kerubo.

"Nipe siku mbili nimtafute mtu mwingine aingie," akasema.

"Mama anafika jioni."

"Basi muulize kwa nini nilisimama hapa siku ile. Anajua."

"Ana mpira puani, nimuulize maswali ya vumbi?"

"Kerubo, ukisema niingie, nitaingia. Ila nikiingia, nimeingia kama fundi."

"Kwani wewe ni nani mwingine?"

Hasira hasara. Neno lile lilimtoka kinywani na alilijutia kabla halijamaliza kutoka, lakini hakulirudisha. Tumsifu akavaa vifuniko vya viatu, akafunika pua, akavuka kizingiti. Akakiinua kitanda cha Mama Kerubo kwa mikono yake, akakisogeza, akasafisha mfereji mpaka bati likang'aa. Alifuta ukuta. Alirudisha kitanda palepale. Alipotoka hakumwangalia Kerubo usoni. Usiku ule alimwambia baba yake mdogo asisumbuke tena na safari ya posa.

Mama Kerubo alilala vizuri. Asubuhi akauliza nani kasafisha.

"Yule fundi wako," Kerubo akajibu akimpa uji. "Nilimlazimisha."

"Alikisogeza kitanda?"

"Ndiyo, Mama. Ilibidi."

Mama akaweka kijiko chini. "Umemfukuza mkwe wangu."

"Mkwe gani?" Kerubo akauliza. Alikuja Marekani mtoto wa darasa la tatu. Kikisii alikielewa, mila alizisikia nusunusu kama habari za jirani. Mama akamweleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Fundi haoni haya ya kitanda cha mtu. Mkwe ndiye anayeona haya. Siku ile alipoinamisha macho, nilijua binti yangu ana mtu, na mtu mwenyewe ana heshima. Hata fundi mwingine sikumwita. Nilimngoja huyo wa kutumwa na mkwe wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Kerubo akaenda jikoni, akapiga simu. Tumsifu alikuwa mji wa Blaine, katika nyumba mpya ya watu.

"Tumsi, nisamehe. Sikujua, aki ya Mungu sikujua."

"Nimekusamehe. Nami nilisahau kazi yangu. Tuko sawa."

"Basi rudi."

"Nirudi kama nani? Nimekiinua kitanda chake, Kerubo."

"Lakini wewe hata si Mkisii!"

"Hakuna aliyenilazimisha kuishika mila yenu. Niliishika kwa ajili yako. Sasa nitasema ilikuwa mchezo? Nitamtazamaje mama yako?"

"Unanipenda?"

"Nakupenda mpaka naumwa."

Kerubo akalia huku ameegemea jokofu. Sasa mifereji ya nyumba ile ilikuwa misafi, na bati lisilo na vumbi hupitisha sauti. Kilio kilishuka tunduni jikoni, kikatokea chumbani kwa mama yake.

Jumapili Kerubo aliporudi kutoka kanisani alikuta kitanda cha mama kimetandikwa, hakuna mtu. Mpira wa oxygen ulipanda ngazi. Aliufuata mbio. Mama Kerubo alikuwa kwenye chumba kidogo chini ya paa, ameketi juu ya kitanda cha utotoni cha binti yake, anahema.

"Mama! Huku hakuna heater! Nani amekuambia upande?"

"Hiki ndicho chumba changu. Kile cha chini ni cha wageni."

"Mama, please."

"Fundi akiingia chumba cha wageni, kosa liko wapi? Mpigie. Mwambie kitanda changu hajakiona."

"Daktari atasema nini?"

"Daktari ana mkwe wake."

Kerubo alibembeleza, alilia, alitishia kumbeba. Alikuwa muuguzi, aliwahi kushinda ubishi wa wagonjwa wengi, lakini huyu hakumweza. Wazee wa Kisii pengine wangecheka mila kurekebishwa hivyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba mwanamke yule aliacha chumba chenye joto na hewa safi, akaenda kwenye baridi, ili binti yake aolewe.

Mwishowe alipiga simu kama alivyoagizwa, na baada ya wiki moja Tumsifu alikuja kuposa, pamoja na baba yake mdogo na mke wa huyo baba mdogo, Christina. Tumsifu alivaa suti ya kijivu. Kerubo alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono mipana, na vipuli vya mama yake. Mama Kerubo hakuweza kushuka.

"Mkwe wangu amefika?" akauliza kutoka juu.

Tumsifu akasimama mwanzo wa ngazi, macho kwenye zulia. "Nimefika, mama."

"Chai utakunywa?"

"Nitakunywa, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, na Christina alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Tatizo likabaki baridi. Heater ya umeme Kerubo aliikataa, haikai karibu na oxygen kwa hatari ya moto. Tumsifu akaamua kupandisha mfereji mpya. Kila jioni alikuja, akapitisha bati kutoka kwenye tanuru, ndani ya kabati la ukumbini, kwenda juu. Mama Kerubo alimsikia akigonga na kukata. Kilichobaki ni kutoboa sakafu ya chumba chake, na hiyo ilikuwa kazi ya Nahashon, anayerudi Jumatatu.

"Jumatatu utapata joto, Mama," Kerubo akamwambia akimwongezea blanketi.

"Mwambie asiharakishe," mama akasema. "Mimi nasikia vizuri tu."

Jumamosi asubuhi, Tumsifu alikuwa ukumbini ndani ya kabati, bati limefika chini ya mbao za chumba kile, aliposikia Kerubo akipiga kelele. Akatoka mbio mpaka kwenye ngazi.

"Tumsi! Tumsi, panda! Mama amekuwa baridi, hapumui! Panda!"

Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Akasimama.

"Tumsi, uko wapi? Niko peke yangu huku!"

"Niko hapa, mpenzi."

"Si upande!"

Akakamata nguzo ya ngazi kwa mikono miwili. Angepanda, angemkumbatia, na yote aliyoyafanya mama yule yangekuwa bure. Alilia kwa sauti, mtu mzima, akiwa amesimama palepale.

Kerubo akatokea juu, uso umelowa, ameshika ule mpira mkononi. Akamtazama kwa hasira kabisa, kama mtu anayemtazama adui. Kisha akageuka akaangalia kile chumba kidogo chenye baridi, na kitanda kilichokuwamo, akaelewa kwa nini mwanamume wake haji.

Akauvuta mlango wa mama yake taratibu mpaka ukafungika. Halafu akashuka ngazi mwenyewe, huku anayumba, mpaka mikononi mwake.