DVD ya Mama Mpishi

Kila siku nikitoka shule nilipitia studio ya mjomba, chumba kimoja chenye meza ndefu, kompyuta mbili na kabati lililojaa mashine. Mjomba alirekodi sherehe za watu na kuwachomea video kwenye DVD. Mimi nilifuta vumbi, nikafanya kazi zangu za shule, kisha nikamsumbua kwa maswali. Aliniita Chapchap, kwa kuwa kila kitu nilitaka kiishe kabla hakijaanza.

Muhula ule darasa letu lilitengeneza video ya dakika ishirini kuhusu Mama Mpishi wa shule, aliyekuwa anastaafu Ijumaa. Tulimrekodi akiwasha jiko, akikoroga sufuria kubwa kuliko mimi, na akitufukuza jikoni kwa mwiko. Tulitaka kumpa DVD aitazame kwake, kwenye deki na televisheni, maana simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Kwa sababu ya mjomba, Mwalimu alinipa mimi kazi ya kuchagua vifaa vya kuichomea. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Jumatano nikamsalimia mjomba shikamoo huku mkono uko tayari kabatini. Mlikuwa na mashine mbili za kuchomea. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, yenye taa ya buluu. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nzito, na ikifanya kazi ilikoroma kama mtu mwenye mafua.

"Kabla hujachagua," mjomba alisema, "niambie DVD yenyewe itachezwa kwenye nini."

Kabla sijajibu, mteja alibisha hodi na mjomba akatoka naye nje. Kumsubiri? Nilichukua mashine mpya, nikaiunganisha na kompyuta, nikachagua diski za rangi ya dhahabu kwa sababu zilimeremeta, nikaweka kasi ya juu kabisa. Baada ya dakika chache kazi ilikwisha. Nikairudisha diski kwenye kompyuta ileile, na Mama Mpishi akatokea akitabasamu. Mambo safi!

Alhamisi asubuhi Mwalimu akaniuliza, "Umeijaribu kwenye deki?"

"Ndiyo, Mwalimu." Neno lilinitoka hivyo hivyo, na nikaona haya kulirudisha.

Mchana, tukiwa kwenye foleni ya chakula, Mama Mpishi alinichekea. "Nasikia mna zawadi yangu. Lakini deki yangu ni mzee mwenzangu, mjue. Siyo kila kitu inakula!"

Wenzangu walicheka. Mimi nilimwona akilini Mama Mpishi nyumbani kwake, amewaita majirani wote, na mbele yao kioo cheusi cha televisheni. Niliacha sahani yangu nikaenda ofisini.

"Mwalimu, nimekudanganya. Niliijaribu kwenye kompyuta tu. Deki sijaigusa."

"Umenivunja moyo," alisema. "Lakini umesema leo, wakati bado tuna nafasi ya kurekebisha. Nenda. Kesho uniambie ulichokiona kwa macho yako."

Studioni, mjomba alivuta deki kuukuu kutoka chini ya meza. Diski yangu ya dhahabu ikazunguka, ikakwaruza, kisha yakatokea maandishi: HAKUNA DISKI.

"Kompyuta inasoma hata mwandiko wako," mjomba alisema. "Deki ya zamani inataka video ipangwe kwa namna yake, na ichomwe taratibu. Haya, chagua upya."

Safari hii nilianza na deki. Nilichagua mashine ya kijivu, kwa kuwa ilikubali kasi ndogo, na diski nyeupe za kawaida ambazo mjomba alishaziona zikicheza kwenye deki za aina ile. Mjomba aliipanga video kwa namna ya deki, nikaanza kuichoma, kisha nikaketi nimekalia mikono yangu.

"Bado, mjomba?"

"Bado, Chapchap."

Hatimaye tukaiweka DVD mpya kwenye deki. Kimya. Halafu tukasikia mwiko ukigonga sufuria. Niliruka juu kwa furaha! Tuliitazama yote, mwanzo hadi mwisho, hata mjomba hakuinuka.

Ijumaa, tulipokabidhi zawadi, Mwalimu alitaka nimweleze Mama Mpishi mwenyewe habari yote. Alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni, kisha akanishika bega.

"Mwanangu, miaka yote hii sijapakua chakula ambacho sijakionja. Na sionji kwa kukiangalia, naweka mdomoni. Ukiulizwa kama kimeiva nawe hujaonja, sema hujaonja. Watu watakusubiri. Ukiwadanganya, wao ndio watakaolala njaa."

Jumatatu alipita shuleni kutusalimia. Alituambia kwamba deki yake ilikula DVD yote bila kutema hata kidogo, na majirani wakaomba nyongeza.