Redio Iliyokuwa Ikisema

Majirani zangu, mnaonijua kwa cherehani yangu, nisikilizeni. Nitasimulia bila kulia, wala si kwamba nina moyo wa jiwe. Machozi yalinikauka siku ile na hayajarudi.

Ilikuwa asubuhi ya mapumziko. Mdogo wangu, fundi redio, alikaa barazani ameinamia redio ya mteja, anatafuta mkwaruzo ambao mimi hata sikuusikia. Binti yangu wa miaka saba alimshikia kifuniko chenye skrubu. Walikunywa chai kikombe kimoja, kama kawaida yao, wakigombania funda la mwisho.

"Mama, nikitafuna taya linauma," binti akasema.

Shavu lake moja lilikuwa limetuna.

"Umeficha mkate humo?" mjomba wake akamtania. Tukacheka. Naye alicheka, kisha akalishika shavu.

Kesho yake mashavu yalivimba yote mawili na mwili ukawa wa moto. Jirani yetu, muuguzi wa zahanati, alichungulia dirishani.

"Hayo ni matubwitubwi. Mleteni tumwone. Asiende shule, awe na kikombe chake. Na wewe fundi, kama hujawahi kuugua wala kuchanjwa, kaa naye mbali."

Alipoondoka, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, mimi niliwahi kuugua?"

"Mama ndiye angejua, na Mama hayupo." Nilikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza. "Achana nayo. Maradhi ya watoto hayo, yanakuja yanapita."

Kwa binti yalipita kweli. Lakini kabla hayajapita nilimfunga kitambaa kichwani nikampeleka shule na uvimbe wake, maana nyumbani angenichelewesha. Wenzake watatu wakaugua. Jioni alisinzia begani kwa mjomba wake, nami sikumwondoa. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba huenda alishamwambukiza kwenye kikombe kile, kwa kuwa ugonjwa huu huambukiza hata kabla ya uvimbe. Huenda. Lakini sikumwondoa.

Wiki ya tatu akavimba mdogo wangu. Homa, kichwa, kumeza kwa shida. Asubuhi ya siku ya tano aliichukua redio akaiweka sikioni.

"Dada, hii imekufa."

Redio ilikuwa ikisoma habari. Nilizisikia kutoka kwenye cherehani, neno kwa neno. Akaihamishia sikio la pili, akasikiliza kidogo, akaizima. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Hospitali walimpima. Daktari alisema sikio la kushoto huenda lisirudi. Miezi sita sasa, halijarudi. Niliporejea nyumbani siku ile nilikaa nikapinda sketi nne. Sikuhisi kitu. Mpaka leo nashona hivyo hivyo.

Yeye hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Binti huzunguka kwanza upande wa kulia ndipo aseme naye. Hakuna aliyemfundisha.

FUNZO

Matubwitubwi husambaa kwa mate: kukohoa, kupiga chafya, kunywea kikombe kimoja. Mtoto akivimba mashavu, mpelekeni zahanati, kisha akae nyumbani siku tano tangu uvimbe uanze. Anywe maji kwa wingi, apumzike, vyombo vyake vitengwe, na kila mtu anawe mikono. Dawa ya kuua kirusi chake hakuna, ila chanjo ya kukinga ipo. Ulizeni kama watoto wenu wameipata, na ninyi watu wazima mjiulize pia. Wengi hupona salama. Msitegemee hilo, kwani wachache huachiwa ulemavu, na mmoja wao ni wangu mimi, analala chumba cha pili.

Msiseme hatukuambiwa. Mimi niliambiwa dirishani kwangu, mchana kweupe, na mtu anayejua. Siku hiyo masikio yangu yote mawili yalikuwa mazima.